Picha ya Ishirini na Nane

Mke wangu anaitwa Bi Waya, na jina hilo hakulichagua mwenyewe. Alipewa na wauguzi wa hospitali kubwa ya mji wetu, kwa kuwa kila walipomwona alikuwa juu ya ngazi, waya mdomoni, akitengeneza ule ubao wa namba nyekundu unaowaita wagonjwa dirishani. Bei za petroli zinazowaka kituoni, magoli ya uwanjani, namba za foleni benki, zote zikigoma anaitwa yeye. Ufundi aliupata kwa baba yake, mtengeneza redio, aliyekuwa na watoto wa kiume wanne na hakuna hata mmoja aliyetaka kushika chuma cha kulehemu. Baba mkwe alizoea kusema kwamba Mungu alimpa wana wanne wa kula na binti mmoja wa kazi. Mashemeji zangu wakikumbushwa hilo hucheka, lakini hawabishi.

Mimi ni seremala. Tunafanya kazi chumba kimoja, yeye kwenye meza ya dirishani, mimi kwenye benchi la randa, na ugomvi wetu mkubwa kwa miaka kumi na saba umekuwa vumbi la mbao. Nasimulia mimi kwa sababu yeye hajui kusimulia. Akianza, anaanzia katikati na kuishia kwenye waya.

Siku moja asubuhi aliingia karakanani mwanamume mwembamba, vipokea sauti vikining'inia shingoni kama kitambaa cha kinyozi. Alikuwa fundi sauti wa studio ya muziki iliyo ghorofa ya pili, juu ya duka la vigae. Wenzake humwita Masikio.

"Dada," alisema, "nimeambiwa wewe ndiye mwenye namba kubwa."

"Kubwa kiasi gani?"

Akanyoosha mikono yote miwili mpaka viwiko vikalia. "Mara mbili ya hapa."

Studio yao ilikuwa inarekodi muziki wa filamu. Wapigaji ishirini na wawili huketi ukumbini, filamu inapita kwenye skrini, na wao wanapiga. Ili muziki ushikane na filamu kuna hesabu inayotembea muda wote: saa, dakika, sekunde, kisha namba mbili za mwisho zinazohesabu picha. Maana filamu si kitu kingine ila picha zilizosimama zinazopitishwa haraka, na filamu zao zilikuwa na picha ishirini na tano kwa kila sekunde. Namba za mwisho zinaanzia sifuri, zikifika ishirini na nne sekunde inageuka, zinaanza upya. Hesabu hiyo ilionekana kwenye kompyuta ya Masikio peke yake, nyuma ya kioo, kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa. Na Mwalimu wa muziki, mama wa makamo anayewaongoza wapigaji kwa fimbo, macho yake yalikuwa yanaingia ukungu.

"Kila nusu dakika ananiuliza tumefika wapi," alisema Masikio. "Nikimjibu kwenye spika naharibu muziki. Nisipomjibu ananitazama kama nimemwibia."

Mke wangu akauliza hesabu hiyo inatokaje kwenye mtambo wa kurekodia. Masikio akatoa simu, akatusikilizisha mlio mkali wa kukwaruza, kama nyenje aliyefungiwa ndani ya kopo. Akaeleza kwamba huo ndio wenyewe, hesabu iliyogeuzwa sauti, na kifaa kinachojua kuusikiliza kinaweza kuusoma. Mke wangu aliusikiliza mara tatu, kichwa kaegemeza upande, kisha akatabasamu. Nikajua nyumba nzima imekwisha kutekwa na nyenje.

Kazi ilichukua wiki sita. Mimi nilitengeneza sanduku, urefu mita tatu, kimo nusu mita, jembamba la kukaa ukutani. Yeye alizipanga namba nane ndani yake. Kila namba ina vipande saba, na kila kipande alikitia taa kumi na mbili, kwa hiyo ukiacha nukta za kutenganisha zilikuwa taa mia sita sabini na mbili, kila moja imelehemiwa kwa mkono wake. Kifaa cha kumsoma nyenje kilikuwa kibao kidogo kisichozidi kiberiti, na alikibembeleza siku tisa mpaka kikakubali.

Tulipoupandisha ukutani, matatizo ndiyo kwanza yakaanza. Ngoma kubwa ilipopigwa, sanduku langu lilitetemeka na kulia kama mlango wa choo. Nililishusha, nikatia vipande vya blanketi kwenye kila kiungo, likanyamaza. Kisha Masikio akasema anasikia mlio mwembamba kutoka kwenye pawasaplai, kile kisanduku kinachozilisha taa umeme. Sisi wengine hatukusikia kitu, lakini maikrofoni zilikubaliana naye. Mke wangu akaihamishia pawasaplai kwenye korido, nyuma ya ukuta, akavuta waya mrefu, na umeme wenyewe akautuliza mpaka taa zikawaka bila kupepesa. Halafu mwanga ukawa mkali, unamrudia Mwalimu kwenye miwani. Tukafunika namba kwa plastiki nyeupe, aina ile ya taa za dari.

Siku hiyo Mwalimu alisimama mahali pake, mwisho wa ukumbi, akasoma kwa sauti. Dakika nne, sekunde kumi na moja. Akavua miwani, akasoma tena. Kisha akaja kumshika mke wangu mikono yote miwili. Nimetengeneza vitanda vya maharusi na meza za mabwana wakubwa. Sijawahi kushukuriwa vile.

Wiki iliyofuata Mkurugenzi wa studio aliwaita wageni kuuona ubao. Ni mtu wa tabasamu pana na maneno mengi. Walikuwepo watu wa filamu, waandishi wawili, na majirani wa ghorofa. Akasimama chini ya ubao, namba zikitembea juu ya kichwa chake, akasema:

"Ubao huu tumeuagiza ng'ambo. Tungependa kununua vya nyumbani, lakini tuseme ukweli, hapa kwetu hakuna anayeweza kitu cha namna hii."

Wakati anasema hayo mke wangu alikuwa mlangoni, bisibisi mfukoni, kwa sababu skrubu ya mwisho alikuwa ameikaza robo saa kabla. Mimi nilikuwa nimeshika ngazi. Nilifungua mdomo, akanikanyaga mguu.

"Shika ngazi, baba watoto," alinong'ona.

Njiani kurudi nilimuuliza kwa nini amenizuia. Akasema ubao unawaka, Mwalimu anaona, hayo mengine ni upepo. Mimi nilisema upepo ndio unaong'oa mapaa. Siku chache baadaye wakarekodi filamu yao ya kwanza chini ya ubao ule, na studio ikabandika picha mtandaoni: wapigaji wameinamia vyombo, namba zinang'aa nyuma yao, na maneno chini yake, "Ubao wetu mpya kazini."

Ilipita wiki ya tatu simu ikalia. Alikuwa Mkurugenzi. Mke wangu alikuwa na chuma cha moto mkononi, kwa hiyo aliiweka simu mezani kwa sauti ya juu, na nilisikia kila kitu.

"Mama, ubao wako umetuharibia kazi."

Wako. Nataka msomaji alipime neno hilo. Ubao ukisifiwa ulishuka kwenye ndege. Ukilaumiwa umezaliwa karakanani kwetu, kwenye vumbi la mbao.

Akaendelea kusema kwamba filamu imerudishwa. Muziki haushikani. Mlango unabamizwa, ngoma imeshalia. Mtu anaanguka, zeze limemtangulia chini. Na ajabu ni kwamba sehemu nyingine ziko sawasawa kabisa. Fundi wake amekagua mtambo na hakuona kosa, kwa hiyo kilichobaki ni kile kidude kilichochomekwa juzi juzi.

"Ubao wangu unasikiliza tu," alisema mke wangu. "Hauwezi kuuambia mtambo kitu. Waya unaenda upande mmoja."

"Mama, mimi si mtu wa waya. Ninachojua, kabla yako kazi zetu hazikurudishwa."

Angeishia hapo ningesema ni hasira za biashara. Hakuishia hapo. Mkuu wa utawala wa hospitali ni rafiki yake, na alimpigia kumwonya awe mwangalifu na fundi wake wa namba. Kesho yake muuguzi mmoja akampigia mke wangu, sauti chini, akamwambia asijisumbue kwenda Jumatatu, kuna mtu mwingine atakuja kuangalia ubao. Miaka kumi na moja amepanda ngazi ile. Mbao zilizooza kwenye dari ya mapokezi anazijua kwa majina. Na hakuna aliyemwita kumuuliza hata neno moja.

Nilitaka kwenda studio nikiwa na nyundo. Nasema hivi bila aibu. Mke wangu alininyang'anya nyundo, akaipachika ukutani mahali pake, akasema anachohitaji ni orodha ya makosa.

Masikio hakupokea simu zake. Aliyeileta orodha ni Mwalimu, kwa miguu, akiwa ameikunja ndani ya mkoba. Ilikuwa imeandikwa na mhariri wa filamu ile: sehemu ishirini na sita, kila moja na namba zake nane, na pembeni maelezo, hii imewahi kidogo, hii imewahi sana, hii iko sawa.

Mke wangu alikaa chini sakafuni na kalamu ya risasi. Nilimletea chai ikapoa, nikaileta nyingine ikapoa pia. Mwishowe akaniita.

"Angalia namba mbili za mwisho tu. Hii ni mbili, na iko sawa. Hii tatu, iko sawa. Hii kumi na tatu, imewahi kidogo. Hii ishirini na tatu, imewahi sana. Namba ikikua, kosa linakua."

Nikamwambia mimi ni mtu wa mbao, anieleze kimbao.

"Chukua ubao wa mita moja. Nimekuagiza uukate vipande ishirini na tano, wewe umeukata thelathini. Kila kipande kitakuwa kifupi. Mwanzo wa ubao hutaona tofauti. Ukifika kipande cha ishirini utakuwa bado uko nyuma ya alama yangu. Mtambo wao ulikuwa unaikata sekunde vipande thelathini. Masikio aliingiza namba za mhariri humo, na kila mdundo ukaangukia kabla ya mahali pake. Kwa kiasi cha kupepesa jicho, lakini jicho la filamu linaona."

"Kwa hiyo ubao ulihesabu vibaya?"

"Ubao hauhesabu, baba watoto. Unasoma."

Tulikwenda studio siku ile ile. Masikio alikuwa peke yake nyuma ya kioo. Mke wangu akamwomba amwonyeshe mtambo umewekwa picha ngapi. Akafungua, na pale paliandikwa ishirini na tano.

"Umekuwa hivyo siku zote?"

"Siku zote, dada," alisema, macho kwenye vitufe.

Mke wangu akamshukuru, tukatoka. Kwenye ngazi alisimama katikati, akashika ukuta.

"Ameubadilisha," alisema. "Maana yake ameshajua. Mtu anayesikia mlio wa pawasaplai ambao hakuna mwingine anausikia, hakusikia bosi wake akinishambulia kwenye simu, chumba cha pili?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ana hasira, na hasira yake haina kelele. Alishuka ngazi zilizobaki moja moja, kama mtu anayezihesabu. Kosa kila fundi hufanya. Mimi nimewahi kutengeneza kabati lisilopita mlangoni. Lakini kuliona kosa lako limelala juu ya mgongo wa mwenzio, ukalifunika vizuri lisianguke, hilo ni jambo jingine.

Tulikuwa hatuna ushahidi. Orodha ilionyesha kitu kwa anayejua kusoma, lakini mtambo ulisema vingine, na nani angemwamini mwanamke wa karakana dhidi ya mtambo? Jioni nilikuwa nimekaa kibarazani na simu, nikiitazama ile picha ya studio, "Ubao wetu mpya kazini", kwa nia moja tu ya kuzidi kukasirika. Mke wangu akapita na beseni la nguo. Akatupia jicho. Akaliweka beseni chini.

"Nipe hiyo simu."

Akaikuza picha kwa vidole viwili. Namba zilikuwa safi, hazikutawanyika hata kidogo, kwa sababu ya ule umeme alioutuliza. Sifuri sifuri, kumi na nne, sifuri nane, na mwisho ishirini na nane.

Akacheka kidogo puani. Sekunde ya picha ishirini na tano haina picha ya ishirini na nane, kama vile saa haina dakika ya sabini. Walijipiga picha wenyewe wakijisifu, na uongo wao umesimama nyuma yao kwa taa mia sita sabini na mbili.

Mwalimu alituambia watu wa filamu watakuja Alhamisi saa nne kuiondoa kazi yao. Tukaenda bila kualikwa. Mezani walikuwepo Mkurugenzi, Masikio, Mwalimu, na yule mhariri wa filamu, mwanamke mwenye nywele fupi na daftari. Mkurugenzi alituona, tabasamu likamfia.

"Mama, samahani, hiki ni kikao cha wataalamu."

"Ndiyo maana nimekuja," alisema mke wangu, akavuta kiti.

Hakusema mengi. Aliweka orodha mezani, akaweka simu juu yake, akaisukuma mbele ya mhariri. Mhariri alitazama picha, akatazama orodha, akarudia picha. Nilimwona midomo ikisoma, ishirini na nane. Akamgeukia Masikio.

"Kabla ya filamu yetu mlifanya kazi gani?"

"Tangazo la sabuni."

"Lilikuwa la picha ngapi?"

Masikio aliisogeza orodha mbali naye. "Thelathini," alisema. "Nilisahau kurudisha."

Mkurugenzi akapiga makofi mawili mepesi. "Basi, tatizo limepatikana. Tusilaumiane, tusonge mbele."

"Nilipokuwa nalaumiwa mimi, lawama ilikuwa halali," alisema mke wangu. "Leo amepatikana mwenyewe, imekuwa haramu. Piga simu hospitali."

"Nitampigia baadaye, mama."

"Uliponiharibia jina hukusubiri baadaye. Piga sasa, weka sauti juu, tusikie wote."

Mhariri alikunja mikono, akasubiri. Mwalimu naye. Mkurugenzi akapiga. Akaanza kusema kwamba kulikuwa na kutoelewana kidogo.

"Hapana," alisema mke wangu, taratibu. "Hakukuwa na kutoelewana. Mwambie ulichomwambia hakikuwa kweli."

Akalisema neno hilo. Lilimtoka kama msumari uliopinda kwenye mbao ngumu, lakini lilitoka. Rafiki yake akajibu kwamba wataangalia, akakata.

"Nilidhani ubao huu umetoka ng'ambo," alisema mhariri, akiandika kitu kwenye daftari.

"Umetoka mtaa wa tatu," alisema Mwalimu, "nyuma ya mashine ya kusaga nafaka. Ukifika ulizia Bi Waya, hata mbuzi wanapajua."

Kazi haikuondolewa. Masikio alisahihisha sehemu zote kwa siku mbili, mhariri amekaa pembeni yake. Hospitali ilichukua miezi minne kumrudisha mke wangu, na barua yao haikusema walimtoa kwa nini wala wanamrudisha kwa nini. Yule fundi mwingine aliushindwa ubao, na miezi yote hiyo wagonjwa waliitwa kwa sauti, kama sokoni. Mimi nisingerudi. Yeye alisema wagonjwa hawakumkosea, akachukua ngazi akaenda. Mkurugenzi hajasema pole mpaka leo. Anapunga mkono akituona barabarani, kama tuliwahi kula naye.

Kuna jambo moja nililifanya bila kumwambia mtu. Nilikwenda studio na patasi, nikamwambia mtu wa mapokezi kwamba nimekuja kukaza sanduku. Nikachonga kwenye mbao, chini ya namba, BI WAYA, herufi za kina cha nusu kidole. Karatasi hubanduliwa, rangi hukwanguliwa. Hizo ukitaka kuzitoa uvunje ubao. Mkurugenzi aliingia nikiwa kwenye herufi ya mwisho. Alisimama, akasoma, akatoka. Nikapuliza vumbi, nikashuka.

Masikio alikuja nyumbani Jumapili moja mchana. Alisimama mlangoni mwa karakana, safari hii hana chochote shingoni. Mke wangu akamsogezea kigoda.

"Niligundua siku ya pili baada ya kurudishwa filamu," alisema. "Nikaogopa kufukuzwa. Nikasema moyoni, dada ana kazi nyingine nyingi, yeye hataumia."

"Uliniuliza kama nitaumia?"

"Hapana."

"Basi ulijiambia tu kilichokufaa."

Akainamisha kichwa, akasema ndiyo, akaomba radhi, kwa maneno machache na bila kujitetea. Mke wangu akamuuliza kama anajua kwa nini nukta za katikati hufifia mwanga ukipunguzwa, na kabla sijamaliza kupiga randa ubao mmoja walikuwa wameinama wote wawili mezani, wakibishana.

Siku hizi huja mara kwa mara. Mhariri yule ameagiza ubao mwingine, mdogo kidogo, na wanautengeneza pamoja. Mke wangu ananiambia nina kinyongo kirefu kuliko aliyekosewa, na kwamba mwanamume mzima kununa ni aibu. Huenda. Masikio akiingia ananiamkia kwa heshima, nami naitikia, maana salamu hainyimwi mtu. Kisha nawasha msumeno.